Kamba Haisemi Uongo

Redio anaapa kwamba aliona kwa macho yake mawili. Na jirani huyu hakuitwa Redio bure. Mtaa mzima haujawahi kuhitaji gazeti tangu ahamie.

"Jumanne, saa nne asubuhi," alisema, beseni la nguo kiunoni, amesimama mlangoni kwa Futi kama shahidi wa mahakamani, na hakuna aliyemwita. "Mimi naanika mashuka yangu. Dirisha lenu liko wazi. Namwona mtu humu ndani, kajifunga kitambaa cha njano kichwani. Anatazama huku, anatazama huku. Mara anachomoa karatasi pale katikati ya kamba, anaipeleka kuleee mwisho, mlangoni. Anaibana. Anacheka peke yake. Anatoka."

"Uso uliuona?" aliuliza Fundi Friji, mume wa Futi.

"Shemeji, uso wa nini tena? Kitambaa cha njano nyumba hii anacho nani?"

Macho yote yakamgeukia Asali.

Kitambaa cha njano kilikuwa kichwani mwake saa hiyo hiyo.

Uliyelikosa gazeti la wiki iliyopita, vuta kiti, hujachelewa. Futi anashona mapazia na kuyauza kwa simu. Jina hilo amelipata kwa ile futi ya kupimia isiyobanduka shingoni mwake, hata akienda msibani. Chumba chake cha kazi kina cherehani moja, meza moja, pasi moja na kamba moja, na kamba ndiyo mkubwa wa wote.

Imevutwa kutoka dirishani mpaka mlangoni. Oda ikiingia, karatasi yake inabanwa na kibanio pale dirishani: jina la mteja, upana, urefu, rangi, siku ya kusafirisha. Kitambaa kikikatwa, karatasi inasogea. Kikishonwa, inasogea. Kikipigwa pasi, inasogea. Karatasi ikifika mlangoni, mzigo umeshaondoka. Futi aliishia darasa la saba, lakini kwa kamba hiyo, mwaka wa tatu huu, hajampoteza mteja hata mmoja. Sheria ni moja tu: karatasi haisogei mpaka kazi isogee.

"Kamba haisemi uongo," ndiyo kauli yake.

Asali ni wifi yake, mdogo wake Fundi. Ameletwa miezi minne sasa, awajibu wateja ili Futi apate nafasi ya kushona. Sauti yake laini, maneno yake yanateleza. Wateja wenyewe ndio waliompa jina hilo. Mteja akiuliza, Asali anatupa jicho kwenye kamba, anajibu.

Jumanne mchana aliuliza Mwalimu, mama mwenye shule ya bweni ya watoto wadogo. Mapazia ya madirisha kumi na mawili, mapande ishirini na manne. Asali akaitazama kamba, akaikuta karatasi mlangoni, akatuma ujumbe wa sauti: "Yameshaondoka, mpenzi, kesho mchana yapokee."

Mwalimu akakodi gari. Akakaa ofisi ya vifurushi Jumatano kutwa, kwenye benchi lisilo na mgongo. Mzigo hakuna. Na leo Alhamisi asubuhi ameandika kwenye ukurasa wa biashara, mbele ya watu elfu nne: HAWA NI WAONGO. WATOTO WANGU WANAINGIA JUMAMOSI, MADIRISHA MATUPU.

Wiki jana tuliachana hapo, Fundi ameishika simu, mishipa ya shingo imemsimama, anauliza nani ameisogeza ile karatasi.

Sasa sikia. Redio hakudanganya. Aliyoyaona aliyaona kweli.

Ila kichwa kilichokuwa ndani ya kile kitambaa hakikuwa cha Asali.

Kilikuwa cha Futi.

Jumanne ile Asali alikuwa ametumwa bitana na nyuzi, kitambaa chake kikabaki kwenye msumari. Futi akabaki peke yake, akafungua ujumbe wa wateja. Walikuwa kumi na mmoja. Wote kumi na mmoja wanamsalimia Asali. Hakuna aliyetaja pindo lililonyooka, wala mikunjo iliyolingana kama meno ya kitana. Na Mwalimu ndiye aliyetia chumvi kidondani: "Asali mwanangu, nikisikia tu sauti yako najua mapazia yangu ni mazuri."

Nikisikia sauti yako! Kwani mapazia yameshonwa kwa ulimi?

Futi alikitoa kitambaa msumarini. Akajifunga. Akajitazama kwenye kioo cha kabati, akalainisha koo: "Karibu saaana, mpeeenzi." Sauti ikatoka kama ya beberu mwenye mafua. Akacheka, lakini kile kicheko kilikuwa kichungu, na kabla hakijaisha mkono ulikuwa umeshafika kwenye kamba. Si wanaipenda sauti? Basi sauti na iseme uongo siku moja tu, tuone asali itamwagikia wapi.

Alikusudia kuirudisha karatasi baada ya saa moja.

Lakini Futi mwenyewe hushona kwa kuifuata kamba. Karatasi ikiwa mlangoni, mikono yake haiifikirii tena. Ikaingia kazi ya bibi harusi, ikaingia ya zahanati, naye akashona, akashona, na mapande ishirini na manne ya Mwalimu yakabaki chini ya meza, yamekatwa, hayajaguswa na sindano. Aliyemtegea mwenzake kwa kamba, kamba ikamnasa na yeye. Ni leo asubuhi ndipo alipokumbuka.

"Naongea na watu au na majokofu?" Fundi alifoka. "Nani?"

Redio alishusha beseni chini, asije akakosa neno.

"Haya. Chumba hiki nilikitoa mimi. Friji za watu tatu zinanyeshewa uani kwa sababu ya mapazia. Mtu asiposema sasa hivi, hii kamba naikata, cherehani naiuza, friji zangu zinaingia ndani. Biashara ya uongo sitaki nyumbani kwangu."

Na Fundi si mtu wa kutisha kwa mdomo. Alikuwa na koleo mkononi, na koleo lilikuwa limeshafunguka.

Sema, Futi alijiambia. Fungua mdomo, sema. Akisema ni yeye, nani atakayemwamini tena kwenye kamba yake mwenyewe? Asiposema, kamba yenyewe haipo.

Koleo likagusa kamba.

"Ni mimi, kaka."

Asali alikuwa anakifungua kile kitambaa cha njano taratibu. Alimtazama Futi mara moja tu, akainamisha macho. "Nilikosea. Nilidhani mzigo umeondoka, nikaisogeza. Nisamehe."

"Eeeh!" Redio alipiga paja. "Si nilisema? Nilisema au sikusema?"

"Umesema, mama. Nguo zako zinakauka humo humo kwenye beseni," Fundi alimjibu, na Redio akaondoka kwa shingo upande, mguu mmoja mbele, sikio nyuma.

Hukumu haikuchukua muda. Simu ya biashara inarudi kwa mke. Mdogo mtu, Jumapili asubuhi, basi la kwanza, arudi kwa mama yao. Fundi akatoka kwenda kwenye friji zake.

Msomaji, hiki ndicho Futi alichokuwa anakiomba kila akilala kwa miezi minne. Simu yake mkononi, wifi yake njiani. Angefurahi, si ndiyo?

Hakufurahi. Alimtazama yule binti amesimama na nywele wazi, ametulia, hana hata chozi, na wivu ukamrudia upya, mkali kuliko wa kwanza. Sauti nzuri alikuwa nayo. Wateja alikuwa nao. Sasa hata kosa la Futi kalichukua, kalivaa, na limempendeza!

"Nani alikutuma?" alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Wifi, gari la vifurushi linaondoka saa kumi. Sasa hivi saa tatu na robo. Tuna mapande ishirini na manne. Tutagombana tukimaliza."

Na jibu hilo, kwa bahati mbaya, lilikuwa la akili.

Wakaanza. Futi kwenye cherehani, Asali kwenye pasi. Pande la kwanza, la pili. Simu ikalia. Futi akaichukua kwa madaha. Leo ni yake.

"Haloo, mapazia hapa."

"Asali?"

"Hapana. Ni mwenye biashara."

"Ah. Nitapiga baadaye akiwepo."

Pande la tatu. Simu. "Wewe nani? Yule dada anaumwa?" Pande la nne. Simu. "Samahani, nimekosea namba?" Kila ikilia, mguu unatoka kwenye cherehani, uzi unakatika, roho inapanda. Pande la sita alilitazama baada ya kulimaliza na kuliona limeshonwa bitana nje, uso ndani.

"Wifi," Asali alisema bila kuinua kichwa, "mimi nilikuwa naifunga. Naifungua kila saa ikitimia, najibu wote kwa mpigo, naifunga tena. Wateja wameshazoea. Wanasubiri."

"Usinifundishe kazi yangu."

"Sawa."

Simu ikalia tena. Mteja akauliza kama Asali ameolewa.

Futi aliizima, akaitupa kwenye kapu la vipande. "Saa ikitimia, unikumbushe," alisema kwa meno.

Kwa hiyo ndivyo alivyokuwa anafanya! Futi siku zote alidhani wifi yake anakaa tu na kupiga soga. Kumbe kazi ya simu nayo ina mpangilio, na mpangilio wenyewe si mbaya. Hilo lilimchoma zaidi. Angekuwa mvivu, ingekuwa rahisi kumchukia.

Saa sita, pande la kumi na moja. Fundi akapitia dirishani, akaweka chai na mkate ukingoni, akaondoka bila neno. Walikula wamesimama, kila mmoja akitazama ukuta wake.

Saa saba, pande la kumi na tano. Asali akasema, kama mtu anayezungumzia mvua:

"Kile kitambaa changu, Jumanne nilikikuta na chaki. Ya bluu. Hapa, penye sikio."

Cherehani ikasimama.

Futi hakugeuka. Alizitazama ncha za vidole vyake. Bluu ya chaki ya kukatia, kama kila siku.

"Mimi chaki sijaishika tangu darasani," Asali aliendelea. Pasi ilikwenda, ikarudi. "Na kilikuwa kimekunjwa mara nne. Mimi sikunji. Natundika tu."

"Ulijua tangu Jumanne?"

"Jumanne nilijua umekivaa. Nikacheka, nikasema wifi naye anataka kupendeza. Karatasi sikuijua mpaka Redio aliposema leo. Ndipo nikaunganisha."

"Basi kwa nini hukusema? Ungesema! Kaka yako angenifukuza mimi, ungebaki na vyote."

"Angekata kamba."

"Kamba yangu, inakuhusu nini wewe?"

Asali aliligeuza pande lililokuwa chini ya pasi. Futi akageuka, macho mekundu. "Usijifanye malaika kwangu. Unataka nikushukuru? Nikupigie magoti? Umebeba mzigo wangu ili kila nikikuona nione deni. Mimi si mtoto, naijua hiyo."

"Pande la kumi na sita, wifi."

Futi alilikamata lile pande kama anayemkaba mtu, akakanyaga cherehani mpaka meza ikatetemeka. Siri aliyodhani ni yake peke yake ilikuwa inapigwa pasi pale pembeni, taratibu, bila kelele. Kikulacho ki nguoni mwako. Na leo mwenye nguo ndiye aliyekuwa mdudu.

Saa tisa na nusu, pande la ishirini na nne lilitoka chini ya sindano likiwa bado lina moto wa mashine. Pete za kutundikia zikahesabiwa, mapande yakakunjwa, furushi likafungwa. Ofisi ya vifurushi iko mtaa wa nne.

"Nenda wewe," Futi alisema. "Mimi miguu imekufa ganzi."

Asali akalibeba begani, akatoka mbio.

Saa ikatimia. Futi akaifungua simu. Ujumbe thelathini na mmoja. Kabla hajaanza, ikalia mkononi. Mwalimu.

"Haloo, Mwalimu."

"Nipe Asali."

"Ametoka kidogo. Mimi ndiye ninayeshona."

"Aaah! Ndiye wewe!" Sauti ya Mwalimu ilikuwa nzito, ya mtu aliyezoea kunyamazisha darasa. "Sikiliza, mama. Mimi nilikuwa nimeshaamua. Namwandikia mshonaji mwingine, na nyinyi nawaanika kila siku mpaka ukurasa wenu ufungwe. Saa mbili asubuhi, huyo binti kanipigia kwa simu yake mwenyewe. Ameomba radhi mpaka nikaona haya mimi."

Saa mbili. Kabla ya Redio. Kabla ya koleo. Kabla mtu yeyote hajatuhumiwa.

"Akaniambia nisimtazame yeye, nizitazame kazi," Mwalimu aliendelea. "Kanitumia picha. Pindo kwa karibu, kona kwa karibu, mkunjo kwa karibu. 'Hii ni mikono ya wifi yangu,' ananiambia. 'Ukimwacha huyu, utamkumbuka kila jua likichomoza.' Nikasema haya, nasubiri mpaka kesho."

Futi alikaa kwenye stuli.

"Mzigo umetoka?"

"Unatoka sasa hivi. Mapande yote ishirini na manne."

"Nitaona. Lakini nikuulize, mama, nimefundisha watoto miaka thelathini, nawajua. Mtoto akimsifia mwenzake kiasi kile, kuna kitu anakitaka kutoka kwake. Huyo wifi yako anataka nini?"

Simu ikakatika. Swali likabaki chumbani.

Anataka nini? Futi alizunguka meza. Sauti anayo, wateja anao, huruma ya kila mtu anayo. Ukurasa? Chumba? Akaanza kukumbuka mambo madogo ambayo kila siku aliyapuuza. Asali kusimama nyuma yake wakati wa kukata, kikombe mkononi, chai inapoa hainywi. Asali kuokota vipande vya karatasi za vipimo kwenye kapu na kuvitia mfukoni. Siku ile alimkuta ametandika gazeti sakafuni, anachora kwa mkaa mstari mrefu uliopinda, na alipomwona Futi akaufuta kwa mguu.

Mlango ukafunguliwa.

Asali alikuwa anahema, mikono mitupu. Akashusha pumzi, akaegemea fremu ya mlango.

"Karani alikuwa ameshafunga kitabu," alisema. "Nikamwambia baba, watoto sitini watalala wanatazamwa na barabara. Akafungua. Gari limeondoka mbele ya macho yangu."

Tena ile sauti! Imefungua hata kitabu cha karani. Futi alisikia kidonda kikipwita mahali pale pale.

"Mwalimu amepiga," alisema. "Kumbe ulimpigia asubuhi."

"Nilimpigia."

"Ukamtumia na picha za kazi yangu. Picha za tangu lini?"

"Za tangu nije."

"Unataka nini, wifi?" Futi alisogea, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, mwisho wake umemzunguka mkononi mara tatu. "Leo tuambizane. Miezi minne umenisimamia mgongoni. Kosa langu umelimeza. Kwa watu umenisifu. Hakuna anayefanya hivyo bure, na mimi sikuzaliwa jana. Sema. Unataka nini kwangu?"

Kikohozi cha Redio kikasikika upande wa pili wa dirisha. Futi akanyoosha mkono, akafunga dirisha.

"Unadhani mwenye wivu humu ndani ni wewe peke yako?" Asali alisema. Na kwa mara ya kwanza ile sauti ilikuwa na mkwaruzo. "Mtu anakutumia picha ya dirisha bovu, limepinda, hajui hata kupima. Wewe unaitazama, unafumba macho, unakata. Kinafika kule kinaning'inia kama kilizaliwa pale. Mimi nasema maneno. Maneno hata kasuku anayo. Mteja akifunga simu, mimi nimekwisha. Wewe unabaki ukutani kwake miaka kumi. Nikiona hivyo silali."

Futi aliifungua futi mkononi, mzunguko mmoja, wa pili.

"Jumapili narudi kwa mama. Kule hakuna anayehitaji sauti. Nitakaa nimekunja mikono mpaka nizeeke." Asali alikwenda mezani. Akakunjua kile kitambaa cha mwisho cha kazi ya bibi harusi, cha pazia la sebuleni, cheupe chepesi, mita nane, ambacho Futi alikuwa hajathubutu kukitia mkasi tangu kije. Akakilaza. Akakilainisha kwa viganja vyote viwili. "Kushona wanajua wengi. Kukata unajua wewe. Hujamfundisha mtu, na najua kwa nini."

Naye Futi alijua kwa nini. Simu imerudi kwake, lakini wateja hawaitaki sauti yake. Kamba ameisaliti mwenyewe. Katika chumba hiki kizima, kitu kimoja tu kilikuwa kimebaki ambacho ni chake na si cha wifi yake.

"Nifundishe kukata, wifi," Asali alisema. "Leo. Kwenye hiki hapa."

Huko uani Fundi aliacha kugonga chuma. Nyayo zake zikaanza kuja.

"Wifi?"